Maji ya Msimbazi yana fangasi. Sawa, fangasi gani?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naandika kwa niaba ya baba yangu. Analima mchicha na matembele bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo, zaidi ya miaka ishirini sasa. Mwezi uliopita walikuja vijana wa chuo wakachota maji kwenye vichupa. Baada ya wiki mbili walirudi wakamwambia maji yake yana fangasi, wakaondoka bila kueleza zaidi. Sisi kwa macho yetu tunaona vitu vyeupe kama nywele vimeshika kwenye mawe na viroba pale mfereji mmoja unapoingia mtoni, na vidole vya miguu vya baba vinaoza kila masika. Sasa wateja wameanza kunong'ona. Je, zile nywele ndizo fangasi? Mboga zinaambukiza? Na hayo maji yanatibiwa kwa dawa gani?"

Marahaba, mwanangu, na baba mfikishie salamu zangu. Nitajibu yote, ila si kwa mpangilio wako. Naanza na hizo nywele, maana umezitaja kwa kupita tu, na kwangu zina habari nyingi kuliko hayo majibu ya maabara.

Nywele zile si fangasi. Zinafanana nayo, sikatai. Ukiziopoa kwa kijiti zinavutika kama mlenda, zinaning'inia kama pamba iliyoloa, na ukizisugua vidoleni zinayeyuka na kukuachia harufu ya bomba la jikoni lililoziba. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 walipoziona kwenye mito iliyopokea majitaka ya miji na viwanda waliziita kuvu ya majitaka (kuvu na fangasi ni kitu kimoja), na jina likaganda hadi leo. Lakini chini ya hadubini unachokiona kwa sehemu kubwa ni bakteria, hasa yule aitwaye Sphaerotilus natans, seli zake zimejipanga moja nyuma ya nyingine ndani ya mrija mwembamba, kama mabehewa ndani ya handaki. Mirija hiyo ikishikana kwa maelfu unapata unywele. Mara nyingine humo ndani hukaa pia Leptomitus lacteus, kiumbe mwenye nyuzi aliyehesabiwa ukoo wa kuvu kwa muda mrefu, hadi ilipobainika kwamba ndugu zake wa karibu ni wale wanaounguza nyanya na viazi kwa bakajani chelewa. Hao nao si kuvu, ingawa kila mkulima anawapulizia "dawa ya ukungu".

Sphaerotilus hali mawe. Anakula sukari, wanga na protini zilizoyeyuka majini, na anataka maji yanayotembea ili apate hewa. Akiwa amejaa kwenye mdomo wa mfereji mmoja, na hatua ishirini juu yake mawe ni meusi ya kawaida, basi mfereji ule unamletea chakula kila siku. Mwago wa siku moja haumlei. Inaweza kuwa damu ya machinjio, mabaki ya kiwanda cha vinywaji, jiko la hoteli, au wapika pombe wanaomwaga machicha na maji yake. Siwezi kukwambia ni nani nikiwa nimekaa hapa. Ila kipo kitu, na kinaingia pale pale mlipopaona.

Sasa fangasi yenyewe, ile waliyoipata vijana, hamuwezi kuiona kwa macho. Na kumwambia mkulima "maji yako yana fangasi" kisha ukaondoka ni sawa na kumwambia mtu "nimeona watu Kariakoo". Watu gani? Wangapi? Wanafanya nini?

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, ukatembea kilomita zipatazo 35 kupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani hadi baharini pale Daraja la Salenda. Chota maji kule juu kabisa, kijito kinapotoka chini ya miti ya msitu wa Pugu, uyaoteshe maabara: utapata fangasi. Lazima uipate. Jani likidondoka majini nani anaanza kulilainisha hadi wadudu waweze kulila? Mwaka 1942 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, C. T. Ingold, alieleza kundi zima la kuvu wanaoishi kwenye majani yanayooza vijitoni. Mbegu za wengi wao zina mikono minne, zinafanana na ile misumari ya kutegea matairi, ili zinase kwenye jani jingine maji yanapozisukuma, na ukitaka kuzipata nyingi kwa wakati mmoja unachota povu chini ya maporomoko. Baadaye aliandika pia juu ya wale aliowapata Uganda. Hao ni wafanyakazi wa mto. Maji yakichafuka na hewa ikiisha, wao ndio huondoka mapema, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wanaostahimili uchafu. Kwa hiyo usiogope kwamba fangasi imeonekana. Uliza ni kundi lipi limeshika mto.

Hebu nikuonyeshe kazi yenyewe inavyofanyika, upate kujua cha kuwauliza hao vijana. Maji yanachotwa kwa chupa safi isiyo na kijidudu, yanawekwa kwenye boksi la barafu na kukimbizwa maabara. Yanapitishwa kwenye kichujio chembamba kama karatasi ya sigara, chenye matundu ya mikrometa 0.45 (mikrometa moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Seli ya hamira ina upana wa mikrometa tatu hadi sita, kwa hiyo inabaki juu. Kichujio kinalazwa kwenye sahani yenye agari ya Sabouraud, rojo lililoganda la kuoteshea vijidudu, iliyopewa jina la daktari wa ngozi Mfaransa: sukari nyingi, uchachu kidogo, na kloramfenikoli ya kuwazuia bakteria wasije wakaila karamu ya wenzao.

Mara yangu ya kwanza kufanya hivi kwa maji ya mfereji wa mjini nilichuja mililita 100, kama kitabu kilivyoelekeza kwa maji ya bomba. Kichujio kikaziba kwa tope kabla hata robo haijapita. Nikalazimisha. Asubuhi iliyofuata nikafungua kabati la joto: Rhizopus, yule yule wa mkate uliolala, alikuwa ameota usiku mmoja akajaza sahani kama sufi, kanyanyua mfuniko, na mbegu zake zimeshafika sahani za jirani. Kazi ya wiki nzima ikaenda kwenye pipa. Tangu hapo maji machafu nayazimua mara kumi, mara mia, mara elfu, na kwenye agari naongeza rozi bengali, rangi ya waridi inayowafupisha kuvu wakimbiaji. Nakwambia haya kwa sababu mtu asiyezimua maji ya Msimbazi atapata sahani moja iliyojaa manyoya, ataandika "fangasi ipo", na hatakuwa amedanganya. Atakuwa hajasema kitu.

Anayejua kazi huotesha sahani mbili mbili, moja kwenye nyuzi 25 na nyingine kwenye nyuzi 37. Hiyo ya pili ndiyo inayonihusu mimi na baba yako, maana ni joto la mwili wa mtu, na kuvu wengi wa majani na udongo hawaliwezi. Wanaolimudu ni wachache, na miongoni mwao wapo kina Candida, kuvu wa aina ya hamira. Koloni la Candida ni dogo, jeupe la maziwa, limetuna kama tone la nta, na ukifunua mfuniko linanuka unga wa maandazi uliolala. Ukichukua kidogo ukatia kwenye majimaji ya damu, ukaweka kwenye nyuzi 37 hizo hizo, baada ya saa mbili au tatu seli za Candida albicans zinatoa mkia, kama kunde iliyoanza kuchipua. Wengi wa ndugu zake hawautoi. Kipimo hicho kimetumika miaka mingi, hakitaki mashine ya mamilioni, na bado kinanifurahisha kila ninapokiona.

Candida albicans makazi yake ni sisi: mdomoni, tumboni, sehemu za siri. Kikulacho ki nguoni mwako. Akiwa mwingi kwenye maji, ujue maji hayo yamepita kwa watu. Hilo kwa Msimbazi si habari mpya. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na bomba la majitaka, zinatumia vyoo vya shimo na makaro. Shimo likijaa, mwenye uwezo anaita gari, asiye nao anawaita vyura, wale vijana wanaoingia shimoni na ndoo usiku, na wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe choo kwenye mfereji. Mnakaa Kigogo, sina haja ya kukueleza harufu ya asubuhi ya mvua ya kwanza. Kwa kugundua kinyesi, lakini, mimi natumia bakteria E. coli, kwa sababu kwenye kinyesi bakteria wanawazidi fangasi kwa mbali sana na kipimo chake ni rahisi. Candida ananisaidia kwa jambo jingine, nitalifikia.

Na wala si kila Candida anatoka chooni. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha uchambuzi wa togwa ya Tanzania na kuorodhesha hamira zinazoichachusha. Mle ndani mlikuwa na hamira ya kawaida ya mkate, mlikuwa na Candida tropicalis, na mlikuwa na Issatchenkia orientalis. Huyu wa mwisho hospitali zinamjua kwa jina jingine: Candida krusei, yule ambaye kwa asili yake flukonazoli, dawa ya fangasi, haimsumbui. Ndani ya togwa yuko kazini, hana ubaya, na tumemnywa tangu utotoni. Sasa fikiria mto unaopokea maji ya kuoshea madumu ya pombe na maganda ya ndizi na mananasi ya masokoni yanayooza juani. Maabara itaandika "Candida krusei imepatikana kwa wingi" na gazeti litaandika "kijidudu sugu mtoni", kumbe nusu yake ni machicha. Ndiyo maana jina la fangasi bila kujua kilichopo juu ya mto linapotosha. Waliobaki, kina Aspergillus, Penicillium na Cladosporium, wengi wao wameletwa na upepo na udongo, hata ukiacha bakuli la maji uani watatua.

Sasa miguu ya baba, na hapa naomba umsomee yeye mwenyewe.

Mzee, yaelekea vidole vyako havikuozeshwa na fangasi ya mto. Vinaozeshwa na unyevu. Ngozi ikikaa majini kutwa inavimba, inageuka nyeupe, inapasuka katikati ya vidole, na hapo fangasi uliyokuwa nayo siku zote inapata mlango. Ile ya miguuni kwa kawaida mtu huiokota kwenye sakafu ya bafu, kwenye viatu na taulo za wengine. Ungesimama kutwa kwenye maji safi ya bomba ukiwa peku, masika yangekufanyia yale yale. Tofauti ya Msimbazi ni kwamba ngozi ikishapasuka, bakteria wa kinyesi nao wanaingia, na hao ndio wanaoleta mguu kuvimba, kuwaka moto na homa. Ukiona wekundu unapanda juu ya kifundo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vaa buti za mpira, na ziwe jozi mbili ili moja ikauke juani wakati nyingine iko kazini. Ukirudi nyumbani osha miguu kwa maji safi na sabuni, kisha kausha kidole kwa kidole kwa kitambaa chako peke yako. Wengi huosha vizuri na kuishia hapo. Dawa ni krimu ya klotrimazoli au mikonazoli, au mafuta ya Whitfield ambayo ni ya siku nyingi na bei yake ni ndogo. Usiache siku muwasho unapokwisha, endelea wiki moja au mbili mbele. Na tafadhali sana, kaa mbali na zile krimu za mchanganyiko wanazokupa dukani kwa sababu "zinatibu kila kitu". Nyingi zina steroidi kali ndani. Muwasho unakufa siku ya pili, unashukuru, kumbe umeipunguzia ngozi ulinzi na fangasi inatambaa kimya kimya hadi choa kinakuwa kikubwa kuliko sahani na hata daktari hakitambui tena. Nimeshaona watu waliotumia miezi. Pia pima sukari. Mtu wa umri wako ambaye fangasi inamrudia kila mwaka anastahili kupima, na kama sukari ipo, kidonda cha mguuni si jambo la kungoja kesho.

Mambo mawili mengine ya shambani, nayapitia haraka. Mwiba ukikuchoma ukiwa kwenye tope, utoe wote na uoshe kwa sabuni. Ukiona uvimbe mguuni usiouma lakini unakua polepole kwa miezi, hasa ukitoa chembechembe kama mchanga mweusi au mweupe, usiuzoee. Kuna fangasi za udongo zinazoingia kwa njia hiyo na kula mguu hadi mfupa. La pili ni jicho. Jani au tope likikukwaruza jichoni na kesho yake ukaamka na maumivu, jekundu, au doa jeupe kwenye mboni, nenda kliniki ya macho bila kupitia duka la dawa. Katika nchi zetu za joto Fusarium na Aspergillus ni wahusika wakubwa wa vidonda vya jicho vya wakulima, na matone yenye steroidi au maziwa ya mama yanaweza kukugharimu jicho zima.

Turudi kwenye mboga, mwanangu. Mchicha unaopikwa hauleti fangasi kwa mlaji. Chungu kikichemka, Candida na karibu kila kuvu niliyemtaja anakufa, na E. coli pia. Kwa hiyo wateja wanaonong'ona kuhusu fangasi wananong'ona jambo lisilo lenyewe. Kinachonisumbua mimi ni vitu viwili. Kwanza, kwenye mafungu ya mboga kuna mazoea ya kuyachovya mtoni ili yang'ae kabla ya kwenda sokoni. Fungu lile linakaa kwenye meza moja na nyanya za kachumbari na giligilani, mikono ile ile inashika vyote, na hivyo vya kachumbari havipikwi. Hapo kipindupindu na homa ya matumbo vinapita, tena bila msaada wa fangasi yoyote. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 mnaukumbuka. Pili, risasi na kromi kutoka viwandani na kwenye takataka za betri na rangi hazifi kwa moto. Mchicha una tabia ya kuvuta madini ya aina hiyo kutoka ardhini. Mtu akitaka kunong'ona, anong'one kuhusu hayo, na ningependa hao vijana wapime udongo wa matuta ya baba kabla ya kurudi tena na habari za fangasi. Sitakuficha pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa, na kwamba mradi wa bonde uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022 unabadilisha sura ya huko chini. Baba anayajua haya kuliko mimi.

Kutibu maji? Msimwage kitu chochote. Nasema mapema kwa sababu najua kuna mtu ameshawashauri mrututu. Mrututu unaua fangasi kweli, na unaua samaki, konokono na vijidudu vyema vya udongo, kisha shaba yake inabaki kwenye tuta lenu. Klorini nayo, kwenye maji yenye uchafu mwingi namna ile, huliwa na uchafu wenyewe kabla haijafika kwa kijidudu, na mbegu za kuvu kama Aspergillus zinaivumilia kuliko bakteria. Mto unaotembea hautibiwi kwa ndoo.

Mnachoweza kubadilisha ni maji mnayochota. Chimbeni kisima kifupi hatua kadhaa kutoka ukingoni ili mchanga uchuje kabla maji hayajafika. Chembe za hamira ni kubwa kuliko bakteria na nyingi hujishika kwenye chembe za tope, kwa hiyo maji yakilala usiku kucha bila kuvurugwa sehemu kubwa inashuka chini. Chota ya juu taratibu. Mwagilia shina badala ya majani, acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna kadiri jua linavyoruhusu, na mafungu yaoshwe kwa maji ya bomba. Ni gharama, najua bei ya ndoo. Hata ndoo mbili za kuoshea mafungu ya mwisho zina faida kuliko kuyachovya mtoni.

Nilisema Candida ananisaidia kwa jambo jingine. Ni usugu. Mtu akimeza flukonazoli, takriban asilimia 80 ya dawa hutoka kwenye mkojo ikiwa nzima, haijavunjwa. Inakwenda chooni, na choo cha Kigogo mnajua kinakwenda wapi. Ongeza dawa za jamii hiyo hiyo ya azoli zinazopulizwa mashambani dhidi ya ukungu. Mle mfereji mmoja unakuwa na fangasi ya watu na dawa yake kwa kipimo kidogo kisichoua, siku baada ya siku, na hivyo ndivyo fangasi inavyofundishwa kuizoea dawa. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya Aspergillus fumigatus sugu kwa azoli kadhaa, waliopatikana kwenye mazingira ya Tanzania, si kwa mgonjwa. Mwaka 2021 watafiti walimtoa Candida auris, anayesumbua vyumba vya wagonjwa mahututi dunia nzima, kwenye ufukwe na kinamasi cha visiwa vya Andaman, mahali ambapo hakuna aliyezoea kumtafuta. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, Oktoba 2022, liliwataja 19, na C. auris, C. albicans na A. fumigatus wote wakawekwa daraja la juu kabisa. Shirika hilo hilo mwaka mmoja kabla lilishauri mchanga wa fukwe upimwe fangasi. Na maji yakishapita Kigogo yanakwenda kwenye mikoko ya Salenda, kisha ufukweni ambako watoto wanajenga nyumba za mchanga. Kwa mtu mwenye afya njema hili halibadilishi chochote leo. Kwa mgonjwa wa saratani, kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, kwa mtoto njiti aliyelazwa, fangasi inayokataa dawa ni habari nyingine, na ndiyo sababu naona kazi ya hao vijana ina maana ikifanywa vizuri.

Kwa hiyo wapigie, msiwafukuze. Waulize walizimua maji mara ngapi, na waliotesha kwa nyuzi ngapi. Waulize kama waliota Candida, wangapi kwa mililita, na aina gani. Waulize kama waliwajaribu kwa vidonge vidogo vya flukonazoli juu ya sahani, maana bila hicho nusu ya swali imebaki. Waulize E. coli walikuwa wangapi siku hiyo hiyo. Na waulize sampuli ya kulinganishia waliichota wapi. Kama hawakuchota kule juu, mbali na makazi, basi hawana cha kulinganisha nacho.

Wakati mnawasubiri, fanya kazi moja wewe mwenyewe. Jumamosi isiyo na mvua fuata zile nywele nyeupe, uuache mto na kupanda na mfereji ule. Tembea ukingoni, usiingie majini. Kila mfereji unapogawanyika angalia ni tawi lipi lina nywele na lipi halina, piga picha, andika saa, rangi ya maji na harufu. Nenda tena alfajiri ya siku nyingine uone kama rangi inabadilika. Pale nywele zinapokoma ghafla kuna bomba, au shimo la ukuta, au kalvati. Picha hizo zipelekwe serikali ya mtaa, nakala Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira (NEMC). Na vijana wakirudi, wapelekeni pale wakachote chupa moja hatua tano juu ya bomba lile, na nyingine hatua tano chini yake.